Usikate Matangazo: Jibu kwa Msomaji wa Jinja Mwenye Kaseti za Jim Reeves

SWALI: Baba yetu alifariki mwaka jana. Alikuwa mtu wa reli tangu enzi za Jumuiya ya zamani, akahamishwa Nakuru, Tororo, mwisho Jinja. Ametuachia sanduku lenye santuri za Jim Reeves, kaseti nyingi alizorekodi redioni, na rili moja ya tepu ambayo hatuna mashine ya kuichezea. Ninahamisha kaseti kwenye simu, naiweka simu karibu na spika, ili watoto na wajukuu wasikilize siku ya kumbukumbu yake. Mambo mawili yananisumbua. Kwanza, nyimbo nyingine hazifanani na zile za kwenye intaneti: sauti iko juu zaidi, au ala ni tofauti. Je, hizo ni rekodi adimu? Pili, katikati ya nyimbo kuna matangazo ya zamani ya kuimbwa, ya sabuni, ya vidonge vya kichwa, ya soda, kwa Kiswahili na kwa Kiganda. Shemeji yangu anasema niyakate zibaki nyimbo tupu. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana kwa kuondokewa na mzee, dada. Matangazo usiyakate. Kama umeshaanza, simama hapo ulipofika, na kaseti zenyewe usizifute wala kuzitupa hata ukishamaliza kuzihamisha. Nitakujibu yote mawili, ila shika jambo hili kwanza kwa sababu ndilo litakalokuongoza katika mengine: ndani ya sanduku la mzee wako, kilicho adimu si Jim Reeves. Ni sabuni.

Jim Reeves, mwimbaji huyu wa kantri wa Marekani, hatapotea. Alirekodi kwa kampuni ya RCA Victor kuanzia mwaka 1955 mpaka alipofariki, na nyimbo zake zimechapwa na kuchapwa tena katika nchi nyingi. Mwaka 1994 kampuni ya Ujerumani iitwayo Bear Family ilimkusanya katika CD 16 pamoja na kitabu. Leo mtu wa Arua au Mbale akitaka kumsikia anafungua simu tu. Lakini wimbo wa nusu dakika wa sabuni ya kufulia, ulioimbwa redioni kwa miezi michache kisha ukaondolewa, nani aliuweka? Mara nyingi hakuna, isipokuwa mpenzi wa muziki aliyekuwa anamrekodi Jim Reeves nyumbani kwake akachelewa kubonyeza kitufe.

Kwa nini Jim Reeves wa mzee hafanani na wa kwenye simu

Sababu ninayokutana nayo zaidi ni mawe ya redio, yaani betri. Redio-kaseti nyingi majumbani zilikuwa zinatumia mawe, na mawe yakichoka mota inazunguka polepole. Ukirekodi wakati mota imechoka, halafu ukacheza kaseti hiyo kwenye mashine yenye nguvu kamili, wimbo unatoka kwa kasi kuliko ulivyokuwa. Unaisha mapema na sauti inapanda. Jim Reeves, ambaye sifa yake yote ni ile sauti nzito iliyotulia, anageuka kijana wa miaka kumi na minane.

Jipime hivi. Chukua wimbo uleule kwenye intaneti, tazama urefu wake, kisha upime wa kaseti. Kama wa mzee unaisha sekunde kadhaa mapema na ala zote zimepanda pamoja na sauti, basi umepata mawe yaliyochoka, hujapata toleo adimu. Sikiliza pia upande mzima wa kaseti kwa mfululizo. Ikiwa wimbo wa kwanza uko karibu na sawa, wa tano umepanda kidogo, na wa mwisho unakimbia, mawe yalikuwa yanakufa mzee akiwa bado anarekodi.

Kama alirekodi kwa umeme wa ukutani, kuna kipimo kizuri zaidi. Umeme wetu huku, kama wa Kenya, unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, na redio iliyochomekwa ukutani mara nyingi huacha mvumo hafifu chini ya muziki. Ukiifungua sauti hiyo kwenye programu ya Audacity na kuiambia ichore masafa yake, utaona kilele kidogo hapo kwenye 50 au kwenye 100. Kikionekana kwenye 52, kaseti inakwenda kasi kwa takriban asilimia 4. Wakati wa kupima hivyo, chezesha mashine yako kwa mawe mapya wala usiichomeke ukutani, la sivyo utapima mvumo wa nyumba yako badala ya ule wa sebule ya mzee.

Sababu nyingine iko kwa Jim Reeves mwenyewe, na hapa ndipo mashabiki wake hubishana mpaka usiku. Alizaliwa Texas mwaka 1923. Kabla ya kutulia katika uimbaji alicheza besiboli na alikuwa mtangazaji wa redio, jambo linaloeleza kwa nini anatamka kila neno mpaka mwisho wake. Rekodi zake za mwaka 1953, alizofanya na kampuni ndogo ya Abbott, ni za mtu anayeimba kwa nguvu, sauti iko juu, na nyuma yake kuna fidla na gitaa la chuma. Mtu aliyemzoea Jim Reeves wa baadaye akisikia hizo hudhani ni mwingine. Mabadiliko yalikuja mwaka 1957 na wimbo "Four Walls": alisogea karibu kabisa na maikrofoni, akaishusha sauti, akaimba kama anayezungumza na mtu mmoja aliyeketi naye. Kuanzia hapo mpaka kifo chake ndiko anakotoka Jim Reeves tunayemjua sisi: piano, kwaya ya chinichini, gitaa lisilopigana na mwimbaji. "He'll Have to Go", aliourekodi mwaka 1959, ulikaa wiki 14 juu kabisa ya orodha ya nyimbo za kantri za Marekani, na ukiusikiliza vizuri utaona ala ni chache mno. Kwa maoni yangu hakuna alichofanya kilichozidi miaka hiyo.

Ndiyo sababu pia alifaa redio zetu. Sauti ya chini, iliyo karibu, yenye ala chache, inapita salama kwenye mawimbi ya kati na kutoka kwenye spika moja ndogo bila kugeuka kelele. Waimbaji wengi wazuri wa wakati ule, wenye bendi kubwa nyuma yao, walifika Jinja au Gulu wakiwa wamevurugika. Yeye alifika mzima, na kila neno la Kiingereza lilisikika hata kwa mtu aliyekuwa bado anajifunza lugha hiyo.

Alifariki tarehe 31 Julai 1964, akiwa na miaka 40, ndege ndogo aliyokuwa anaiendesha mwenyewe ilipoanguka karibu na Nashville wakati wa dhoruba. Lakini santuri mpya ziliendelea kutoka mwaka baada ya mwaka. Mjane wake Mary na kampuni ya RCA walikuwa na akiba ya rekodi ambazo hazijawahi kutoka, nyingine zikiwa za majaribio tu. Watayarishaji walichukua sauti yake, wakaweka fidla mpya, ngoma mpya, kwaya mpya. "Distant Drums" ilitengenezwa hivyo, na mwaka 1966, miaka miwili baada ya kuzikwa kwake, ilishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tano. Mwaka 1981 walikwenda mbali zaidi: wakaiunganisha sauti yake na ya Patsy Cline, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1963, wakatoa wimbo wa wawili ambao hawakuwahi kuuimba pamoja.

Kwa hiyo unapokuta ala tofauti kwa sauti ileile, jibu mara nyingi ni hilo. Albamu yoyote iliyotoka baada ya 1964 ichukulie kwamba huenda ala zake ni changa kuliko sauti. Wengi wanazipenda, na sitawagombeza. Mimi husikia mwimbaji amewekwa chumba kimoja na watu asiowajua. Kwenye santuri za mzee soma lebo, kisha igeuze santuri kwenye mwanga na utazame ile sehemu laini karibu na tundu la katikati: kuna herufi na namba zilizochorwa. Namba hizo hutambulisha uchapaji wenyewe, na jalada pia huweza kubadilika bila hizo kubadilika. Ziandike zote.

Kuhusu fedha, usitarajie. Santuri zake ziliuzwa kwa wingi mno kuwa adimu. Ila kama kuna yoyote ambayo anaimba Kiafrikana, iweke kando. Alizuru Afrika Kusini mwaka 1962, akarudi 1963 kucheza filamu, na alirekodi nyimbo kwa lugha hiyo. Huku kwetu hizo hazionekani mara nyingi.

Matangazo ya kuimbwa

Sasa tufike kwenye mali. Watu wengi hudhani nyimbo za matangazo zilikuwa kazi ya vibarua. Mwishoni mwa miaka ya 1950 pale Nairobi, Mwingereza mmoja aliyeitwa Peter Colmore alikuwa anatengeneza matangazo ya redio, na aliwatafuta wapiga gitaa bora aliowasikia. Mwenda Jean Bosco, yule wa Katanga, kusini mwa Kongo, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville mwaka 1952, aliletwa Nairobi akaimba kuhusu vidonge vya Aspro. Edouard Masengo, naye wa Katanga, aliimba kuhusu Coca-Cola. Wapiga gitaa wa Kenya waliwasikiliza hao na kujifunza kwao. Mtu yuleyule ambaye leo wataalamu wa muziki wanamwandikia vitabu, mama zetu walimsikia kwanza akiwaambia wanywe kidonge kichwa kikiuma.

Kwa hiyo lile tangazo lako la vidonge lisikilize kwa makini. Kama kuna gitaa moja tu, limepigwa kwa vidole, besi na melodi vikienda pamoja, na Kiswahili kina ladha ya Kongo, usiendelee na kazi nyingine. Nijulishe. Nakuambia mapema lakini kwamba kwenye kaseti uwezekano ni mdogo: Philips walionyesha kaseti kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na majumbani kwetu zilienea katika miaka ya 1970. Bosco wa Nairobi ni wa kabla ya hapo. Nitarudi kwenye hili tukifika kwenye rili yako.

Kwa nini matangazo haya yalipotea? Sababu iko kwenye mitambo yenyewe. Vituo vingi duniani, kuanzia miaka ya 1960, vilikuwa vinaweka tangazo kwenye kasha la plastiki lenye utepe mfupi usio na mwisho. Mtangazaji analichomeka, anabonyeza, linaimba, utepe unajizungusha mwenyewe mpaka mwanzo ukingoja mara nyingine. Mkataba wa sabuni ukiisha, kasha linafutwa kwa sumaku na kurekodiwa tangazo la biskuti. Hakuna aliyefanya kosa, kasha lilitengenezwa kwa kusudi hilo. Tepu kubwa nazo zilikuwa ghali na zilifutwa na kutumika upya. Nyimbo zilikuwa na santuri, taarifa ya habari ilikuwa na karatasi. Tangazo halikuwa na kitu.

Na majumbani nako lilikuwa adui. Mzee aliketi na kidole kwenye kitufe cha kusimamisha, akingoja mtangazaji anyamaze. Wimbo ukiisha, tap, anasimamisha. Yaliyoingia kwenye kaseti ni yale yaliyompita: aliitwa nje, chai ililetwa, au alisinzia. Ndiyo maana nyingi zimeanza katikati au zimekatwa mwisho. Hivyo vipande navyo vihifadhi. Sekunde sita za mwisho zenye jina la bidhaa na mlio wa kengele zinaweza kumkumbusha mtu mwingine wimbo mzima.

Kujua umri wake, sikiliza yaliyo kandokando. Mtangazaji akisema Sauti ya Kenya, uko kati ya 1964 na 1989, kwa sababu kabla na baada ya hapo kituo hicho kilikuwa KBC, shirika la utangazaji la Kenya. Radio Uganda ilibeba jina hilo mpaka 2005 ilipoingizwa katika UBC, shirika la utangazaji la Uganda. Ukisikia Sanyu au Capital, umevuka mwishoni mwa 1993, stesheni binafsi za FM zilipoanza. Sauti ikija na kupotea, ikija na kupotea, mzee alikuwa anarekodi usiku kutoka kituo cha mbali, maana mawimbi ya kati husafiri mbali jua likishazama. Hapo ndipo mtu wa Jinja aliweza kumpata wa Nairobi vizuri, na mtu wa reli aliyewahi kuishi Nakuru alikuwa na sababu ya kumtafuta.

Bei ni ushahidi mkubwa. Uganda ilianza kutoa shilingi yake mwaka 1966, ikaondoa sifuri mbili mwaka 1987, na katikati ya hapo bei zilipanda vibaya sana. Sabuni ya senti na sabuni ya mamia ya shilingi haziwezi kuwa za mwaka mmoja. Tangazo likitaja duka la mfanyabiashara wa Kihindi barabara kuu ya Jinja au Kampala, fikiria kwanza kabla ya kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972. Sikiliza namba ya sanduku la posta, na namba ya simu ina tarakimu ngapi. Linganisha pia tangazo la Kiswahili na la Kiganda. Mara nyingi tuni ni moja na waimbaji ni wengine, na yule aliyetunga maneno ya Kiganda alilazimika kunyoosha silabi ili zitoshee kwenye tuni ya watu wengine. Kwa mpenzi wa nyimbo hilo peke yake ni burudani ya jioni nzima.

Kama mzee alirekodi vipindi vya salamu, vile vya kadi ambapo mtangazaji anasoma majina ya wanaosalimiana kutoka kituo kimoja cha reli mpaka kingine, humo kuna watu ambao familia zao hazina sauti yoyote iliyowataja. Hizo zihifadhi ndani ya familia kwanza, na kuwa mwangalifu kuzirusha ovyo.

Namna ya kuzihamisha

Leo hii, kabla ya kucheza kaseti nyingine, geuza kila moja utazame mgongo wake. Kuna vijipande viwili vya plastiki kwenye pembe. Vivunje. Hapo hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu, mashine haitarekodi juu yake.

Je, redio-kaseti ya mzee bado ipo? Iokoe, hata kama imekufa. Hedi ya kila mashine, kile kipande kinachosoma utepe, imesimama kwa pembe yake kidogo tofauti, na kaseti husikika vizuri zaidi kwenye mashine iliyoirekodi. Fundi wa redio anaweza kuibadilishia mkanda wa mpira na kuifufua. Ikishindikana, tafuta deki ya kaseti iliyo nzima, na ufanye hivi. Safisha hedi na kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe kwa pamba iliyolowa alkoholi ya famasi, ile kali. Kigurudumu cha mpira kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Kisha tazama pembeni mwa hedi: kuna skrubu ndogo yenye chemchemi chini yake. Weka kaseti, ngoja mahali mtangazaji anapozungumza, na uizungushe skrubu hiyo polepole sana, chini ya robo mzunguko. Utasikia herufi "s" zikizibwa na kufunguka. Pale ambapo "s" ni kali na pumzi ya mtangazaji inasikika, acha hapo. Kaseti iliyoonekana imekufa hufufuka mbele yako kwa skrubu hiyo, na kila kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine itahitaji kurekebishiwa upya.

Kabla ya kucheza, kaseti iliyokaa miaka mingi ipeleke mbele mpaka mwisho na kuirudisha, ili utepe ulegee. Fungua macho pia kwenye kile kipande kidogo cha sufi katikati, kinachobana utepe dhidi ya hedi. Kikianguka, sauti inakuwa ya kuzibwa, na watu wengi hutupa kaseti nzima kwa ajili yake, ilhali fundi anaweza kukibandika upya au kuuhamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine.

Simu kando ya spika inarekodi kaseti, jogoo, bodaboda na shemeji. Tumia waya kutoka tundu la spika za masikioni au la nyuma ya deki mpaka kwenye kompyuta, kupitia kile kidude cha sauti kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Kwenye Audacity chagua biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, na uhifadhi kama WAV. Vilele vya sauti visizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Kaseti ya dakika 60 itakula karibu gigabaiti moja ikiwa ni stirio, nusu yake ikiwa ni mono. Rekodi upande mzima bila kusimama, pamoja na mikwaruzo, ukimya na matangazo. Hilo ndilo faili mama, na halisafishwi, halirekebishwi kasi, halikatwi kitu.

Kutoka hapo tengeneza nakala za kufurahia. Moja ya nyimbo tupu kwa ajili ya shemeji, ukirekebisha kasi pale mawe yalipochoka. Nyingine ya matangazo peke yake. Kwenye hizo fanya utakavyo, zipunguze ziwe MP3, zitume kwenye WhatsApp ya familia. Faili mama ziwe katika diski mbili, na nakala ya tatu nyumba nyingine, kwa ndugu aliye Kampala mathalani. Santuri, kama ni za plastiki, zioshe kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo. Kama ni zile nzito zinazovunjika, za mizunguko 78, usizitie alkoholi kamwe, kwa sababu inayeyusha utomvu zilizotengenezwa nao, na usizipige kwa sindano ya santuri za kawaida kwani mfereji wake ni mpana zaidi.

Siku ya kumbukumbu, ningekushauri uchague upande mmoja wa kaseti uupige mzima, kama mzee alivyokuwa akiusikia. Likifika tangazo, lisimamishe kabla ya mstari wa mwisho, unyamaze. Wazee watalimalizia. Usiwatajie bidhaa, usiwasaidie. Mmoja atakumbuka maneno, mwingine atabisha, wa tatu atasema alikuwa anamjua aliyeimba. Hapo simu yako iwe inarekodi. Majina ya waimbaji wa matangazo hayakuandikwa kwenye lebo yoyote, na hao walioketi sebuleni ndio daftari lililobaki.

Nyimbo za Jim Reeves usizipandishe mtandaoni, zina wenyewe, na Uganda ina sheria ya hakimiliki tangu 2006. Kwa matangazo, zungumza na Chuo Kikuu cha Makerere. Kuna hifadhi ya sauti yenye jina la Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda na kurekodi muziki wa makabila mengi ya nchi hii katika miaka ya 1940 na 1950. Wapelekee nakala, si kaseti zenyewe, pamoja na karatasi inayosema nani alirekodi, wapi, na alikuwa akifanya kazi gani. Mrekodi ni mzee wako, na jina lake liandikwe hivyo.

Sasa rili. Usimpe mtu yeyote "aijaribu". Itazame kwanza, na kama haina ukungu inuse: ikinuka siki, utepe wake ni wa asetati na unaanza kuoza, kwa hiyo usikawie. Ukiona ukungu mweupe kingoni, jambo la kawaida kwa vitu vilivyokaa karibu na ziwa, iweke ndani ya mfuko wa karatasi mahali pakavu mbali na kaseti, na usiipulize wala kuivuta puani. Pima upana wa gurudumu lake, soma kila kilichoandikwa kwenye boksi, hasa namba kama 9.5 au 19 ambazo ni kasi yake kwa sentimita katika sekunde, na upige picha. Tafuta pia tarehe au jina la kituo cha kazi. Kama limeandikwa Nakuru, rili hiyo inaweza kuwa ya zamani kuliko kaseti zote, ya miaka ambayo Bosco na Masengo walikuwa wanasikika kutoka Nairobi. Nitumie picha hizo kabla hujaipeleka popote, nikutafutie mashine ya kasi inayofaa na fundi wa kuisimamia.